Miezi Kumi Lubumbashi: Maswali Mnayoniuliza Kuhusu Chakula, Ufundi na Siku za Polepole

Nilimfuata mume wangu Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo (DRC), mwezi wa kumi, mvua za kwanza zikiwa zimeanza kunukia, na tukaondoka mwezi wa nane uliofuata. Yeye alikuwa na mkataba wa mitambo. Mimi sikuwa na kazi ya ofisi, kwa hiyo siku zangu zilipita sokoni, jikoni kwa majirani na kwenye karakana za mafundi wa shaba na malakiti (jiwe la kijani la mapambo). Tangu tumerudi Mbeya, watu wanaojiandaa kwenda kukaa huko miezi mitatu, sita au mwaka wananiuliza mambo yale yale. Nimeyapanga hapa, ya kuanzia yako mwanzo na yale ya nadra yako mwisho. Pale ambapo jibu moja linategemea lingine nimesema, ili nisirudie.

## Kabla hujafungua begi

Kiswahili changu cha Tanzania au Kenya kitaeleweka?

Kitaeleweka, na utasifiwa kwamba unaongea "Kiswahili bora". Kazi iko masikioni mwako wewe. Kiswahili cha Lubumbashi kilikulia kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi. Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ilileta watu kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na Ruanda-Urundi, na lugha ikachukua kitu kwa kila mmoja, zaidi Kibemba na Kiluba, kisha Kifaransa kikakaa juu yake. Watu ni *bantu*, watoto ni *batoto*, kizuri ni *muzuri*. Sauti ya "g" mara nyingi hugeuka "k": ndege ni *ndeke*, na bugali ikawa *bukari*. Nilipoinasa hiyo "k", maneno mengi niliyodhani ni mageni yalijifungua yenyewe.

Fanya mazoezi ya kitu kimoja kabla ya safari: hesabu za Kifaransa. Mama wa sokoni ataongea nawe Kiswahili muda wote, lakini ikifika bei anaitaja kwa Kifaransa.

Niende miezi gani?

Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mwaka wake una pande mbili. Mvua huanza kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja, zikaisha mwezi wa nne. Huo ndio msimu wa viwavi, uyoga, maembe na *masuku*, yale matunda ya msituni ambayo sisi wa nyanda za juu tunayaita makusu. Kiangazi ni mwezi wa tano hadi wa tisa. Mwezi wa sita na wa saba usiku unahitaji sweta na blanketi zito, na vumbi jekundu linaingia hadi kwenye kabati la vyombo. Lakini ndio wakati barabara za vijijini zinapitika na mafundi wanafanya kazi nje kutwa.

Kama una miezi mitatu tu na moyo wako uko kwenye chakula, chagua Desemba hadi Februari. Kama uko kwenye ufundi, Juni hadi Agosti.

Pesa na karatasi?

Sokoni ni faranga za Kongo, vitu vikubwa ni dola. Dola iliyochanika hata kidogo pembeni, au iliyoandikwa kwa kalamu, itakataliwa, kwa hiyo zikague ukiwa benki kwenu. M-Pesa ipo, ila ni ya mtandao wa huko, na akaunti ina upande wa dola na upande wa faranga. Utasajili laini mpya kwa pasipoti. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, isiwe ndani ya begi. Kuhusu viza, Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini usitegemee maneno ya madereva: ulizia ubalozini kabla ya kukata tiketi. Ukija kwa barabara kupitia Tunduma na Zambia utaingilia Kasumbalesa, na hapo mpakani foleni za malori ya shaba ni ndefu. Panga kufika asubuhi.

Muuzaji au fundi nimwiteje?

Mama, papa, au *yaya* kwa aliyekuzidi umri kidogo. Utasikia pia "ba mama" akiambiwa mtu mmoja. Hiyo "ba" ni ya heshima, kama tunavyotumia wingi kwa mkubwa katika lugha nyingi za kwetu. Salamu kwanza, bei baadaye. Ukianza na bei kabla ya "Jambo mama, habari ya asubuhi?" utahudumiwa, lakini utahudumiwa kama mpita njia.

Nitasema hapa kitu ninachokiamini kuliko yote yaliyomo kwenye ukurasa huu. Chagua mama mmoja wa mboga, mmoja wa samaki na fundi mmoja, kisha urudi kwao hao hao kila wiki. Mgeni wa siku tatu ana haki ya kuzunguka kila meza. Wewe unakaa miezi. Wiki ya tatu mama wangu wa mboga alianza kunitengea majani machanga kabla sijafika, wiki ya sita alinikalisha nyuma ya meza yake kwenye ndoo iliyopinduliwa, na karibu kila ninachokiandika hapa chini kuhusu kupika nilikipata nikiwa juu ya ndoo ile.

Matabishi ni nini?

Ni nyongeza. Ukishalipa, sema "Mama, na matabishi?" naye atakuongezea konzi ya kapenta (dagaa) au nyanya mbili. Si kuombaomba, ni sehemu ya biashara. Mimi nilikuwa napunguza kidogo sana kwenye bei na kuacha matabishi yafanye kazi yake, na sikuona kwamba nilipoteza.

## Mezani

Bukari si ni ugali tu?

Ni ndugu yake. Ya unga wa mahindi mweupe utaitambua mara moja, ila wanaisonga laini na kuiviringa ikawa mviringo safi. Nyumba zenye asili ya Kasai wengi huchanganya unga wa muhogo na wa mahindi, na hiyo huvutika zaidi mkononi na kushiba nayo huchukua muda mrefu. Inaliwa hasa mchana, kwa mkono, maji ya kunawa yakipitishwa kuanzia kwa mkubwa. Mahindi mengi ya mji hutoka Zambia, kwa hiyo mpaka ukisumbua, bei ya kopo la unga inabadilika wiki ile ile na kila mtu atakuwa analizungumza hilo.

Mboga za huko ni zipi, na zinatofautianaje na zetu?

*Sombe* ni kisamvu. Majani hutwangwa au kusagwa pale pale sokoni, yakapikwa muda mrefu na kitunguu, bilinganya, pilipili hoho na mafuta ya mawese. Mtu wa pwani atatafuta nazi na hataiona. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa siitafuti tena. *Lengalenga* ni mchicha, matembele ni matembele, na *kibwabwa* ni majani ya maboga yanayopikwa na unga wa karanga mpaka yawe mazito. Kibwabwa ndicho nilichokileta nyumbani, watoto wa dada yangu wanakiomba kwa jina hilo hilo.

Mafuta ya mawese jifunze kuyanunua kwa kunusa. Mapya yana harufu tamu kama ya karoti mbichi; yaliyokaa yanakwaruza koo.

Kikanda ni nini, na mbona kila mtu ananiambia nijaribu?

Kwa sababu hakuna chakula kinachofanana nacho, na kwa msomaji wa Mbeya, Njombe au Sumbawanga kina hadithi inayoanzia kwenu. Kikanda (au chikanda, kwa matamshi ya Kibemba) hutengenezwa kwa viazi vya okidi, mimea ya maua ya porini. Viazi hivyo ni vidogo kama kidole gumba. Hukaushwa, hutwangwa kuwa unga, kisha huungwa na karanga.

Nilivyofundishwa ni hivi. Unga wa karanga unachemshwa na maji, chumvi na pilipili nyingi. Inaongezwa magadi kidogo. Halafu unga wa okidi unamwagwa polepole huku unakoroga kwa nguvu, kwa sababu unakamata haraka kuliko unga wa ugali. Ukishakuwa bonge linaloachia sufuria, unaupanga sawa, unafunika kwa kifuniko cha bati na kuweka makala (makaa) juu na mengine chini. Unaiva kama keki. Ukipoa unakatwa vipande vya kahawia, vinavyonesa kidogo ukivibonyeza, na ladha yake iko karibu na nyama kuliko mboga. Ndiyo maana wengine huviita soseji ya mimea. Mama aliyenifundisha alisema mkono ukisimama katikati kikanda kinajua. Changu cha kwanza kilikuwa na mabonge ndani, akanikatia chake nikakipeleka nyumbani badala yake.

Sasa lile la uzito. Hitaji la soko hili, hasa Zambia, limewafanya watu wachimbe okidi hadi kwenye nyanda za juu za Tanzania, na kuzilinda ilikuwa mojawapo ya sababu za kuanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005. Kiazi kikichimbwa, mmea haurudi. Mimi nilikula kikanda kwa shukrani kila nilipokaribishwa, nikajifunza kukipika, na nilipoelewa habari ya Kitulo nikaacha kununua unga wake kwa ajili ya jikoni kwangu. Kila mmoja ataamua mwenyewe, ila aamue akijua. Kuhusu kuvusha mpakani, soma swali la kutoka na vitu.

Viwavi kweli vinaliwa?

Vinaliwa, vinapendwa, na bei yake si ya chakula cha shida. Hutoka kwenye miti ya msitu wa miombo mvua zinapoanza. Wenye asili ya Kibemba huviita *finkubala*. Vingi utavikuta vimekaushwa, vikipimwa kwa kopo. Viloweke maji ya vuguvugu, viosheni mara tatu kwa sababu vina mchanga, vichemsheni, kisha kaanga na kitunguu, nyanya na pilipili. Ladha iko kati ya dagaa wakavu na nyama ya kukaushwa. Onyo moja la dhati: ukiwa na mzio wa kamba au kaa, usijaribu, maana mwili unaweza kuvipokea vibaya vile vile.

Na uyoga wa barabarani?

Huo ndio ulionifanya nipende mvua za huko. Kuanzia Desemba, barabara zinazoingia mjini zinajaa wanawake na watoto wenye mabeseni. Kuna wa manjano wenye harufu ya tunda lililoiva, kuna mweupe mdogo, na kuna ule wa kwenye vichuguu ambao kofia yake inaweza kufikia mita moja kwa upana. Niliwahi kubebewa mmoja kichwani na kijana, mvua ikinyesha, naye akawa amejikinga nao.

Nunua, usichume. Hata kama ulichuma uyoga utotoni mwako, msitu ule si wenu na ile yenye sumu inafanana na mizuri. Mnunulie mama unayemfahamu (rudi kwenye swali la nimwiteje muuzaji), upike siku ile ile, na siku ya kwanza kula kiasi.

Samaki wanatoka wapi?

Wabichi na wa kukaushwa kwa moshi hutoka upande wa Luapula na ziwa Mweru, kupitia Kasenga. Kapenta ni dagaa. Makayabu ni samaki wa chumvi kutoka ng'ambo, na lazima alale kwenye maji usiku mzima, maji yabadilishwe, la sivyo hutaweza kumla.

Jioni watu wanakula nini nje?

*Michopo*. Mbuzi anachomwa juu ya makala, anakatwa vipande vidogo na kuletwa na kitunguu kibichi, chumvi na pilipili. Asiyekula nguruwe aulize mapema, kwa sababu sehemu nyingine huchoma vyote juu ya wavu mmoja. Mchana, kama hutaki kupika, nenda *malewa*, migahawa midogo ya akina mama yenye sufuria tatu nne na benchi. Nenda kabla ya saa saba, sombe nzuri huisha.

Munkoyo ni pombe?

Inategemea imelala siku ngapi. Uji wa mahindi unapikwa na kupozwa, kisha mizizi ya mmea uitwao munkoyo iliyopondwa inaloweshwa ndani. Mizizi hiyo inageuza wanga kuwa sukari, na kesho yake asubuhi unakuta kinywaji chepesi, kitamu, chenye uchachu kidogo, watoto wanakunywa. Siku ya tatu kinaanza kuwa na kilevi. Kwa kuwa mizizi huingia baada ya uji kupoa, usafi wa aliyetengeneza ndio kila kitu. Mimi nilikunywa kwa jirani tu.

*Lutuku* ni jambo lingine: ni gongo. Iache.

## Ufundi

Ufundi upi hasa ni wa Katanga, eneo lenye Lubumbashi?

Shaba, malakiti na uchoraji. Vinyago na vibao vya kukalia utaviona pia, lakini vingi vinatoka mikoa mingine au vimechongwa kwa kufuata vya zamani.

Shaba ina mizizi mirefu. Karne nyingi kabla ya makampuni, wafuaji wa Katanga waliyeyusha mawe ya kijani na kumimina misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha na mahari, na biashara yake ilifika mbali. Misalaba mitatu ya aina hiyo iliwekwa kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga na Kongo mwaka 1960. Na msomaji wa Tabora ajue kwamba Msiri, mfalme aliyetawala biashara hiyo kutoka mji wake wa Bunkeya hadi alipouawa mwaka 1891, alikuwa na asili ya Unyamwezi. Watu wake, Wayeke, bado wapo Bunkeya. Mji wenyewe wa Lubumbashi ulianza mwaka 1910 kwa sababu ya shaba hiyo hiyo, na ulipewa jina la Elisabethville hadi mwaka 1966. Anzia Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, asubuhi moja bila haraka, ndipo uingie karakana. Utaelewa mikono ya fundi inaendeleza nini.

Nitajuaje malakiti ni halisi?

Malakiti ni jiwe la kijani lenye mistari, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba. Hilo ndilo linakusaidia. Ni zito kuliko unavyotegemea na ni baridi ukiliweka shavuni. Plastiki ni nyepesi na inapata joto la mkono haraka. Tazama mistari: kwenye jiwe haijirudii, inapanuka, inakunjwa, inafunga duara kama jicho. Ikiwa shanga kumi zina mistari ya upana ule ule, tia shaka. Kuna pia ya unga wa mawe uliogandishwa kwa gundi. Hiyo ni nzito kidogo, lakini rangi yake ni bapa.

Sanduku na sanamu kubwa nyingi hazikuchongwa kutoka jiwe moja. Fundi hupanga vipande vyembamba na kuvigandisha, akifuatisha mistari ikutane. Si udanganyifu, ni ufundi wa namna yake, na ubora wake uko kwenye maungio. Pitisha ukucha, usikwame popote.

Naweza kujifunza kufua shaba au kuchonga malakiti?

Shaba, ndiyo, na ningependa watu wengi zaidi wajaribu. Nilikwenda kwa fundi mmoja kila Jumanne na Alhamisi kwa miezi minne. Tulikubaliana malipo ya mwezi pamoja na bei ya bati, na nilikuwa naleta chai na mkate.

Bati la shaba linachorwa kwa msumari butu, kisha linalazwa juu ya kitu kinachobonyea, mchanga uliofungwa kwenye mfuko au lami iliyopashwa. Unafua kutoka nyuma ili picha iinuke mbele, unageuza, unarekebisha mipaka, unageuza tena. Baada ya kufuliwa sana shaba inakuwa ngumu na inaweza kupasuka, kwa hiyo inarudishwa motoni mpaka iive wekundu hafifu, ipozwe, ilainike. Hapo ndipo nilipojifunza kusubiri. Wiki tatu za kwanza nilifua mistari mitupu, hakuna picha yoyote. Fundi hakuniambia nimekosea. Alikuwa anachukua bati langu, anagonga mara mbili tatu mwenyewe, ananirudishia, nami nasikia tofauti ya sauti kabla ya kuiona. Mwezi wa tatu nilitoa sahani yenye samaki mmoja. Iko ukutani sebuleni kwangu, na jicho la samaki limekaa juu kidogo kuliko inavyotakiwa.

Malakiti usijifunze bila maji na barakoa. Vumbi lake ni vumbi la shaba na linadhuru mapafu. Fundi mwema hukata jiwe likiwa limelowa. Ukikuta karakana yenye vumbi la kijani hewani, nunua kama unataka, lakini usikae, na usiingie na mtoto.

Picha za kuchora zina nini cha pekee?

Zina shule mbili. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji mjini, maarufu kwa jina la Hangar, ambapo hakuwafundisha wanafunzi kuiga Ulaya. Kila mmoja aliachwa atafute mkono wake. Pilipili Mulongoy alichora ndege, samaki na majani kwa utulivu mkubwa, Mwenze Kibwanga kwa mistari mifupi iliyopangana, na Bela Sara kwa ncha za vidole. Ukiona leo picha ya ndege kwenye majani yenye nukta nyingi, iko kwenye ukoo huo.

Shule ya pili ni ya sebuleni. Miaka ya 1970 nyumba za wafanyakazi zilitundika picha za rangi kali zilizochorwa juu ya gunia la unga: mamba muntu, yaani nguva, au askari wa kikoloni akimchapa mfungwa. Tshibumba Kanda Matulu alikwenda mbali zaidi akachora historia nzima ya nchi, picha moja baada ya nyingine. Kwa kazi za sasa, fuatilia kituo cha sanaa cha Picha, ambacho huandaa tamasha la Biennale ya Lubumbashi lililoanza mwaka 2008, na maonyesho ya Halle de l'Étoile.

Ukinunua, muulize mchoraji mwenyewe hadithi ya picha na uiandike nyuma kwa penseli, pamoja na jina lake na mwaka.

Vitenge?

Huko ni *kikwembe*, wingi *vikwembe*. Kipande kamili ni yadi sita, kinachotosha sketi, blauzi na cha kujifunga au kubebea mtoto. Fundi cherehani mpe muda wa wiki mbili na mshono wa mfano, na mavazi ya sherehe mpelekee mapema zaidi.

Kuna kitu cha bei ndogo cha kuleta zawadi?

*Mbabula*, jiko la makala la bati. Mafundi huyatengeneza kwa mabati yaliyotumika, na wengine hutengeneza madogo ya kuchezea watoto. Yangu makubwa niliyaacha kwa jirani. Madogo matatu yalifika Mbeya.

## Kupanga siku

Wiki yako ilikuwaje?

Jumatatu soko la Kenya. (Wakenya mtafurahi: Kenya ni mojawapo ya manispaa za Lubumbashi.) Jumanne na Alhamisi shaba. Jumatano kupika na jirani. Ijumaa nilikaa nyumbani, nikaandika nilichojifunza. Jumamosi michopo na mume wangu. Jumapili asubuhi mji mzima uko kanisani na barabara zimetulia, kwa hiyo tulitembea Kamalondo, mtaa wa zamani karibu na uwanja wa TP Mazembe, tukitazama nyumba za matofali.

Weka saa za ahadi kwa tahadhari. Lubumbashi iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja, na mtu akikutajia "saa tatu" muulize kama anahesabu saa kwa Kiswahili au kwa Kifaransa, au uthibitishe kwa Kifaransa.

Safari ya siku moja ipi inafaa?

Makwacha. Ni kijiji nje ya mji ambapo wanawake hupaka kuta za nyumba zao wakati wa kiangazi kwa udongo wa rangi, nyeupe, nyekundu, ya kijivu, na mvua zikija zinaosha kazi yote. Mwaka unaofuata wanachora upya. Nenda na mtu anayefahamika pale, msalimie mkuu wa kijiji, beba sabuni na chumvi, na usipige picha ukuta wa mtu kabla hujaongea na mwenye ukuta. Nilimuuliza mama mmoja kama haumii mvua ikiosha. Akaniuliza kama mimi huumia chakula kikiliwa.

Mwanamke anaweza kutembea peke yake?

Mchana, sokoni na mjini, nilitembea. Jioni nilitumia dereva mmoja niliyepewa na majirani. Simu ya kupiga picha isitoke kabisa karibu na askari, viwanja vya ndege, madaraja na migodi.

## Mambo ya nadra

Nisikie kuhusu mboga zilizolimwa karibu na kiwanda cha shaba?

Sikia. Kiwanda kile chenye bomba refu la moshi na mlima mweusi wa mabaki kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Upepo wa huko hutoka zaidi kusini-mashariki, kwa hiyo moshi uliangukia kaskazini-magharibi, maeneo kama Penga-Penga, hadi ardhi ikabaki tupu. Udongo wa maeneo hayo umebeba shaba na madini mengine mazito, na mboga za majani huyavuta au kushikwa na vumbi lake. Muulize mama wako bustani iko wapi, chagua ya upande mwingine, na osha majani kwa maji mengi. Kama mna mtoto mdogo, msimamie kwa hili.

Nikitoka na vitu mpakani?

Kilichofanywa kwa mkono, omba risiti hata ya kuandikwa, yenye jina la kitu. Malakiti iliyochongwa ni kitu kimoja. Mawe mabichi ni madini na yana sheria zake, usiyabebe. Ukiwa na malakiti nyingi, ulizia mapema ofisi ya CEEC, inayothamini mawe. Pembe za ndovu usiziguse. Kitu unachoambiwa ni cha kale sana usikitoe nchini bila kibali cha makumbusho. Okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na unga wa kikanda ni okidi. Viwavi vikavu vitaje kwa afisa wa kilimo wa nchi yako. Mimi nilitaja, nikaulizwa maswali mawili, nikaruhusiwa. Mawese yafungwe kwenye chupa mbili, moja ndani ya mfuko, kwa sababu yakimwagika kwenye kikwembe hayatoki.

Shaba yangu imekuwa nyeusi. Malakiti yangu imepoteza mng'ao. Nifanyeje?

Hizi mbili msizichanganye, kama nilivyozichanganya. Shaba husafishwa kwa limao na chumvi: sugua taratibu, suuza, kausha kabisa, paka nta nyembamba. Nilipofika nyumbani nikafanya hivyo kwa sahani, na kwa kuwa limao lilikuwa limebaki nikapitisha na kwenye mkufu wa malakiti niliopewa na mama wa mboga siku ya kuagana. Malakiti haivumilii tindikali ya aina yoyote, si limao, si siki. Ulififia mbele ya macho yangu, ukawa kama umepakwa vumbi.

Malakiti ifute kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, ikauke, basi. Ikishafifia kama yangu, mpelekee mtu anayeng'arisha mawe; atapitisha msasa mwembamba unaolowa maji, hatua kwa hatua, kisha ngozi. Wangu uling'arishwa hivyo. Shanga nne za katikati hazikurudi zilivyokuwa, na ndizo ninazozivaa zikiangalia mbele.